Sabato Tuliyokula Maharage ya Baridi

Mpaka nafika Louisville, huku Marekani, nilidhani Wayahudi wamebaki ndani ya Biblia. Niliwajua wale waliovuka bahari bila kulowa miguu. Sikujua kwamba siku moja nitapewa mmoja wao nimwogeshe, nimvalishe soksi, na yeye anikaripie kwa sababu chai haina limau.

Mimi nilimwita Mama Mzee. Alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu. Miguu yake ilikuwa imegoma, lakini kichwa kilikuwa kizima kuliko changu. Nilipanda basi mbili kutoka mtaa wetu wa South End kwenda kwake, na mwisho wa juma nililala hukohuko. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kule Kivu, na Kingereza changu nilikiokota ukubwani. Yeye alisema nami polepole kama mtu anayeita kuku, mimi nikamjibu nusu kwa maneno na nusu kwa mikono. Mwaka wa pili tulikuwa tunasengenya majirani bila shida yoyote.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliishi Buffalo, na yeye alishika dini sawasawa. Alivaa wigi juu ya nywele zake, sketi mpaka chini, na hakuweka mdomoni kitu ambacho sheria yao haikukipitisha. Mdogo aliishi Columbus. Yeye alivaa suruali, Jumamosi aliendesha gari na kufanya manunuzi kama watu wote, na dini aliiacha tangu ujana. Mkubwa hakula nyumbani kwa mama yake kwa sababu jiko lilikuwa limechanganya nyama na maziwa miaka mingi, na sheria yao inakataza. Mdogo hakutaka kuja wakati mkubwa yupo, kwa sababu, alisema, hapendi kutazamwa kama sahani chafu. Donc, basi, mama aliwapata mmojammoja. Meza yake ilikuwa na viti sita na mimi sikuwahi kuona vitatu vikikaliwa.

Mama Mzee hakulalamika. Siku moja tu, nikimchana nywele, alisema, "Nataka Sabato moja na wote wawili. Nzima. Kutoka mishumaa mpaka nyota. Baada ya hapo wanizike wanavyotaka."

Mimi nilishangaa. Nilidhani Wayahudi wote wanashika Sabato, kama vile samaki wote wanaogelea. Nilimuuliza mjukuu wangu, ambaye ndiye anajua mambo. Huyo mtoto nimemleta kambi ya wakimbizi akiwa mgongoni, na leo anasomea uuguzi, anaendesha gari barabara kuu mkono mmoja, na daktari akisema upuuzi anamsahihisha. Nitajisifu naye mpaka nife.

"Koko," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wanavyoniita, "wengine wanashika, wengine hawashiki. Wana masinagogi ya aina nyingi, na hawasali pamoja."

"Kwa nini?"

Akanijibu kwa Kingereza, kawaida yake, kwamba ni mambo marefu.

"Marefu kuliko makanisa yetu?"

Akacheka. "Hapo umepata, Koko."

Maana sisi Wakongo wa Louisville tuna makanisa kuliko magari. Kuna Wasabato wa Jumamosi, kuna sisi wa Jumapili, na sisi wa Jumapili tumegawanyika mara nne kwa sababu ya gitaa. Sikuwa na haki ya kumcheka mtu.

Bon. Mwaka wa 2015, majani yakianza kuanguka, Mama Mzee alipata karatasi kutoka kwa rabi. Ilisema kwamba Wayahudi wa miji mingi, hapa na nchi za mbali, wamekubaliana kushika Sabato moja kwa pamoja. Wanaoshika kila juma na wasioshika kabisa, wote, mara hii moja. Mama Mzee aliniomba simu na miwani. Alianza Buffalo.

Mkubwa alisema atakuja, lakini jiko lisafishwe kwa sheria. Kisha Mama Mzee akapiga Columbus. Nikasikia sauti ya mdogo simuni: "Saa ishirini na tano bila simu, Mama? Na yeye ananitazama?"

"Mimi ndiye nitakayekutazama," Mama Mzee akasema. "Yeye nitamwambia atazame supu."

Mdogo akasema sawa, mara moja tu, na nikivunja asinihubirie mtu. Mkubwa naye alikuwa ameshasema lake: kwamba yeye hatakaa ndani ya Sabato inayovunjwa mbele yake, atachukua sahani yake ataenda kula chumbani. Mama Mzee aliyasikia yote mawili. Aliirudisha simu mkononi mwangu na mkono wake ulikuwa wa baridi. Kuanzia hapo na mimi nilibeba ule mzigo.

Mkubwa alifika Jumanne. Alikuwa ameendesha siku nzima kutoka Buffalo na hakukaa hata kunywa maji, alifungua friji. Soseji za nguruwe za Mama Mzee ndizo za kwanza kutoka. Nilizipeleka South End, tukala vizuri sana. Kisha tukaanza. Nimefanya usafi wa nyumba za watu, nimefanya usafi wa hoteli, lakini usafi ule ulikuwa jambo jingine. Jiko la kuokea tulilisugua, halafu tukaliwasha mpaka mwisho likaungua lenyewe ndani. Meza za jiko tulizimwagia maji yaliyokuwa yanachemka, zikatoa mvuke, kisha tukazifunika kwa karatasi ile inayong'aa ya kufungia chakula, mpaka jiko zima likawa kama ndani ya chombo cha kwenda mwezini. Sufuria mpya, vijiko vipya, sahani za kutupa.

Nilitegemea atanichunga kama mwizi. Siku ya kwanza alinichunga. Siku ya pili aliona ninavyosugua pembe za mlango wa jiko kwa kijiti cha meno, akanipa glovu zake nzuri.

Alhamisi jioni mjukuu wangu alitupeleka kwenye ukumbi wa Wayahudi wa mjini. Tulikuwa Mama Mzee kwenye kiti cha magurudumu, binti mkubwa, na mimi nikisukuma. Nilidhani ni mkutano wa sala. Nikakuta meza ndefu zimejaa mabakuli, na unga, na mayai, na hamira, na wanawake wamesimama kila mahali. Waliovaa wigi walikuwepo. Waliovaa jinzi zilizochanika magoti walikuwepo. Bibi kizee mwenye hereni kama bangili alikuwa anasogezewa sukari na msichana aliyefunika kila kitu isipokuwa uso. Hawa ndio wasiosali pamoja. Mwanamke aliyekuwa karibu nasi alimwambia mwenzake, "Miaka ishirini tunaishi mtaa mmoja, na leo ndiyo naona una mikono." Mwenzake akajibu, "Nisogezee yai, acha maneno."

Walikuwa wanakanda mkate wao wa Sabato, ule wanaousuka kama nywele. Mimi unga nimeukanda tangu nina miaka saba, nikaona wengine wanaukanda kama wanaogopa kuumiza mtu. Nilijizuia. Mama Mzee alikanda mwenyewe, mimi nikishika bakuli lisikimbie.

Halafu kuna mwanamke alipiga kijiko kwenye bakuli, ukumbi ukanyamaza. Kila mmoja alikata kidonge cha unga, kadiri ya yai dogo, akakishika juu. Kile hakiliwi. Kinatolewa, kinachomwa, kwa sababu zamani kilikuwa sehemu ya makuhani. Wakasema maneno ya baraka, wote, kwa sauti moja ya chini. Mimi nimesikia kwaya, nimesikia mikesha ya kambini watu elfu wakilia mbele za Mungu. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Wanawake walioacha kusalimiana walikuwa wameinua unga uleule. Nilimtazama mjukuu wangu, na yeye alikuwa ameacha kugusa simu yake.

Simu ya Mama Mzee ikalia. Alikuwa binti mdogo, kutoka Columbus. Tukamwona kwenye kioo, unga mpaka kwenye kiwiko na mwingine kwenye kidevu. Na kule kulikuwa na ukumbi kama wetu nyuma yake.

"Mama, unga wangu umekuwa gundi," akasema.

Mama Mzee alimpa mkubwa simu. Mkubwa alitazama kioo. Miaka hiyo yote alipita Columbus kuja kwa mama yake na hakusimama. Akasema, "Ongeza unga kidogo. Si mwingi. Kidogo."

"Hivi?"

"Tena."

"Buffalo nao wanafanya?"

"Wanafanya sasa hivi. Binti zangu wako huko."

Ni hayo tu waliyosema. Mama Mzee aliomba kitambaa, akasema unga umemwingia machoni.

Ijumaa nilikaa kwenye miiba. Sabato inaingia jua likizama, na dakika zake zimeandikwa, hazingoji mtu. Chakula cha Jumamosi kilikuwa tayari: sufuria kubwa ya maharage, nyama, shayiri na viazi. Kwa sababu hawawashi moto siku ile, sufuria inawekwa kabla juu ya bamba la umeme, linawaka polepole usiku kucha mpaka mchana. Mkubwa aliifunika sufuria kwa taulo mbili. Swichi za taa alizibandika utepe wa gundi ili mtu asisahau akaziwasha. Kila mara alitazama saa ukutani. Mdogo alikuwa bado njiani.

"Magari ni mengi Cincinnati," Mama Mzee alisema.

"Angetoka mapema," mkubwa akasema.

"Supu," Mama Mzee akamwambia. "Tazama supu."

Mdogo aliingia zikibaki dakika chache sana, nywele zimesimama, mkate wake umefungwa ndani ya sweta. Alizima simu, akaitia kwenye droo ya vijiko, akaifunga kwa nyonga. Wanawake watatu wakasimama mbele ya mishumaa, Mama Mzee nikimshikilia kwapani. Walifunika macho. Mdogo alisita kwenye maneno, na mkubwa akayasema polepole zaidi, bila kugeuka, ili mwenzake amfuate. Baadaye mkubwa aliniambia kwamba saa hiyohiyo mishumaa inawaka Columbus na Buffalo, na jua linavyokwenda inazidi kuwaka kuelekea magharibi mpaka baharini. Nilikwenda kusimama dirishani. Nyumba za mtaa ule zilikuwa kimya, taa za kawaida tu. Lakini mimi niliiona.

Walikula, wakaimba. Mkubwa aliula mkate wa Columbus baada ya kuuliza maswali manne juu ya jiko ulikookwa. Mdogo aliyajibu yote manne. Walilala mapema.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mimi naamka alfajiri kusali, kokote niliko. Jumamosi ile niliamka, nikapita jikoni kunywa maji, nikaona taa nyekundu ya bamba inawaka gizani, na taulo juu yake. Hakuna mtu. Kambini niliona nyumba za nyasi zikiisha mstari mzima kwa moto mmoja uliosahauliwa. Kichwa changu hakikukumbuka maelezo yoyote. Mkono wangu ndio uliofanya kazi. Niling'oa waya ukutani, nikarudi kitandani nimejipongeza kwamba nimewaokoa, na bili nimeipunguza.

Asubuhi mabinti walikwenda sinagogi kwa miguu, mwendo wa saa nzima. Mdogo alikuja na viatu vya visigino, nikamwazima raba zangu za kazini, zikamtosha. Niliwatazama wakienda barabarani mahali ambapo hata mbwa anapelekwa kwa gari. Mama Mzee alikaa dirishani saa zote hizo. Hakutaka hata gazeti. Waliporudi, saa saba, walikuwa wanabishana juu ya mwalimu mmoja wa utotoni, kama alikuwa kipofu au mkorofi, na mdogo alikuwa anacheka.

Mkubwa aliondoa taulo. Akagusa sufuria. Akaigusa tena kwa viganja viwili.

Nilijua kabla hajageuka. Nilisema, "Ni mimi. Niliogopa moto. Ngoja nichomeke."

"Usichomeke kwa ajili yetu," mkubwa akasema. Hakukasirika, na hiyo iliniuma zaidi. Alinieleza kwamba mtu mwingine akiwasha kwa ajili yao, basi hawawezi kukifaidi kile chakula. Kisha akafikiri. "Mama ni mgonjwa. Kwa mgonjwa inaruhusiwa. Mpashie Mama peke yake."

"Mimi si mgonjwa," Mama Mzee akasema kutoka mezani. "Mimi ni mzee. Sili peke yangu."

Mdogo alisimama. "Jamani, ni waya," akasema. "Mimi sheria hizi sizishiki, mnajua, na Mungu anajua. Mama hajala tangu asubuhi. Nitachomeka mimi."

Akauchukua waya. Ulikuwa unaning'inia pale nilipouacha, na tundu la umeme ukutani lilikuwa karibu na kidole chake. Mkubwa alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Nilimwona anafumba mdomo mpaka midomo ikapotea. Hakusema usifanye. Sahani yake ilikuwa mkononi, na mlango wa chumbani ulikuwa nyuma yake. Mama Mzee hakumtazama mmoja wala mwingine. Alitazama kitambaa cha meza, akawa anakilainisha kwa kidole, mahali ambapo hapakuwa na mkunjo.

Nilimwomba Mungu wangu. Nilimwambia, hii nimeiharibu mimi, wasilipe wao.

Friji ilinguruma, ikanyamaza. Mdogo aliutazama ule waya kama kitu alichokiokota njiani na hakijui. Halafu akauzungushia mkononi, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, akauweka juu ya bamba, akafuta mikono kwenye suruali.

"Haya," akasema. "Tangu nizaliwe sijala maharage ya baridi."

"Umekula," Mama Mzee akasema. "Ulikuwa na miaka mitatu. Ulikuwa unayaiba kwenye friji kwa mkono, halafu unamsingizia dada yako."

"Nilichapwa kwa ajili yake," mkubwa akasema.

"Mara mbili," mdogo akakubali. "Samahani."

Mkubwa aliiweka sahani mezani. Aliiweka karibu na ya mdogo wake, si upande wa pili.

Mafuta yalikuwa yameganda juu, meupe, kama barafu ya kwanza ya Novemba. Viazi vilikuwa vizito kama mawe. Walinilazimisha nikae nao kwenye kiti cha nne. Nimekula njaa kambini, nimekula harusi za watu wakubwa, na nasema kweli yangu: yale maharage yalikuwa mabaya. Mkubwa alikula sahani mbili. Mama Mzee aliomba aongezewe, na yeye huwa anakula kama ndege. Mimi nilimeza na machozi yangu, na kila nilipotaka kusema samahani mdogo alinijazia sahani ili ninyamaze.

Miaka yote nilikuwa nimesikia Sabato ikihubiriwa, nani kakosea siku, nani kaikosea amri. Sikuwahi kuiona. Siku ile niliiona kwenye mkono wa mwanamke asiyeiamini, ukizungusha waya. Na niliwaza kwamba pengine kule Columbus na Buffalo, kwenye nyumba nisizozijua, kuna mikono mingine inazuiliwa vilevile, saa ileile, mtu mmoja akijinyima kidogo ili mwenzake aweze kukaa. Nilihisi udogo wangu, na sikuuchukia.

Mchana walilala kwenye makochi, mmoja huku mmoja huku, midomo wazi. Mama Mzee hakulala. Alikaa katikati yao kama mlinzi wa benki.

Jioni tulimtoa barazani na blanketi. Sabato inakwisha zikionekana nyota tatu, na mpaka hapo hakuna wa kufungua droo ya vijiko. Mjukuu wangu alikuwa amefika kunichukua, akasimama kwenye ngazi, funguo mfukoni, wala hakuniharakisha. Mbingu ilikuwa safi. Nyota ya kwanza ilitoka juu ya paa la jirani. Ya pili ikafuata. Mdogo alikuwa ameinua kichwa, na nilijua alipoiona ya tatu, kwa sababu pumzi yake ilikatika kidogo. Nikangoja aseme. Hakusema. Nikamtazama mkubwa. Yeye anazihesabu kila juma la maisha yake, na macho yake yalikuwa palepale juu ya ile ya tatu. Naye kimya.

"Mama," mkubwa akauliza, "unaona ngapi?"

Mama Mzee alitazama juu bila haraka. Miwani yake ilikuwa safi, niliifuta mwenyewe.

"Mbili," akasema.

"Na mimi mbili," mdogo akasema.

Wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshahesabu saba. Nikasema naona mbili, na hata hizo, moja sina hakika nayo.